Ua la Kitambaa Cheupe

Soko la Kituntu lilijaa mapema siku hiyo. Wanawake wa Chonyonyo walikuwa wamekwisha kushusha mikungu yao ya ndizi, wauza chumvi wamekwisha kugombana na kupatana, na vumbi jekundu lilielea juu ya vichwa vya watu kama moshi wa ubani. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Mji wa wafanyabiashara waliotoka pwani ulikuwa na nyumba kumi na moja tu za udongo, kila moja na baraza lake, lakini siku ya soko ulivuma kama mzinga wa nyuki.

Mwajabu binti Shehe alipita katikati ya umati akimfuata shangazi yake, Bi Mwaja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa leso nyeusi yenye madoa mekundu, na nyingine ya namna hiyo hiyo alikuwa ameitupia kichwani. Walikuwa wakitafuta mboga. Ndipo akaona kikapu kilichofunikwa maganda ya mgomba yenye maji, na majani mabichi yenye kingo za mikato yakichungulia.

"Fungu la mboga hii kiasi gani?" akauliza.

Mwenye kikapu aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, kanzu yake imejaa vumbi la njia, kofia imelala upande kidogo kama iliyosahauliwa.

"Haiuzwi, dada."

"Haiuzwi!" Bi Mwaja akadakia. "Basi umeileta sokoni itembee?"

Mwajabu alikuwa amekwisha kuchuma jani moja na kulitia kinywani. Uchungu ukampanda mpaka masikioni. Akafumba macho, akameza, kwa sababu kutema mbele ya mwanamume asiyemjua aliona aibu.

Yule kijana alijaribu kutocheka, akashindwa. "Pole sana. Si mboga hiyo. Ni maua. Amenipa mzee anayetunza bustani moja kule Bukoba. Yanaitwa krisantemu."

"Kri nini?" Bi Mwaja akauliza.

"Krisantemu, mama. Shikamoo, nimesahau hata kukuamkia."

"Marahaba. Yananukia?"

"Hapana, mama. Hayanukii kitu."

Bi Mwaja akapiga makofi mara moja. Alizaliwa Pangani, na mara tatu alikuwa amepanda asumini nyuma ya nyumba ya ndugu yake, na mara tatu baridi ya vilima vya Karagwe ikaiua. "Ua lisilonukia, na jani lake chungu! Sasa wewe mwanangu, umelibeba siku nne la nini?"

"Kwa sababu haliogopi baridi," kijana akajibu. Alisema na shangazi, lakini alimtazama Mwajabu. "Mzee yule aliniambia kwao Ulaya huchanua wakati maua mengine yote yamekwisha kufa. Nikasema, hili linatufaa sisi wa huku juu. Ila mimi ni mtu wa njiani, sina hata shubiri moja ya ardhi."

"Sisi tunayo," Mwajabu akasema, kabla hajajua kwamba atasema.

Jina lake Gharib. Alikuwa akichukua nguo Bukoba na kuziuza Karagwe mpaka Kyerwa. Jioni ile alileta kikapu barazani kwa Mzee Shehe, baba yake Mwajabu, akakaribishwa kwa buni za kutafuna katika kijikasha cha ukindu kama mgeni yeyote wa nchi hii, na miche ikapandwa nyuma ya jiko.

Ilikuwa ya aina nne, na Gharib alizieleza kama mtu anayetaja ndugu zake. Moja ilikuwa ya njano, yenye maua madogo kama vifungo. Moja rangi ya shaba. Moja nyekundu kama buni iliyoiva, ambayo hukawia kuliko zote, na maua yake ya kwanza huwa bado hayajakolea. Ya nne ilikuwa nyeupe, yenye maua mapana kama kisahani. Kwa kuwa majani yote yalifanana, Gharib alichana ncha ya kilemba chake cha zamani akafunga kitambaa cheupe kwenye mche wa nne.

"Huu usiupoteze," alisema.

Mvua za masika zikaja. Mwajabu alimwaga majivu kuzunguka mashina ili konokono wasipande, akatandika nyasi kavu kama watu wa hapa wanavyotandika migombani. Gharib kila aliporudi kutoka safari alisimama upande wa pili wa ua wa matete, na Bi Mwaja aliketi katikati akichambua mchele. Heshima ililindwa.

"Bi Mwajabu, hawajambo watoto wangu?"

"Hawajambo. Ila yule wa shaba mlevi, kila mvua ikinyesha analala chini. Nimempa fimbo."

"Na wa njano?"

"Huyo mtu wa kazi. Hata siku nisipomtilia maji haninunii. Wewe ungekuwa na tabia ya wa njano ungekuwa umetajirika."

"Na mimi nina tabia ya nani?"

"Wa buni. Maneno mengi, maua hakuna."

Bi Mwaja alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani.

Siku moja Gharib alimwambia akate ncha ya kila tawi kwa ukucha, hata kama inauma moyo, ili mche utoe matawi mengi badala ya moja refu. Shangazi alipomkuta akifanya hivyo alipiga kelele kwamba mtoto amerogwa, anaua alichokilea mwenyewe. Lakini baada ya wiki mbili kila tawi lililokatwa lilikuwa limetoa matatu. Mwajabu alilitazama jambo hilo muda mrefu, asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa alikuwa anaanza kuelewa kwamba Yeye hupunguza mahali ili aongeze.

Mwezi wa Jamadi, vitumba vidogo vilipoanza kuonekana kama punje za mtama, Gharib alikuja kwenye ua wa matete bila mzaha.

"Ami yangu Abdallah ameniita Mwanza," alisema. "Ana duka kubwa, anataka nikae naye moja kwa moja. Nikienda sirudi tena huku. Nisipokwenda, nitafungua duka hapa hapa Kituntu. Lakini sifungui duka mahali ambapo..." Shangazi Mwaja, kwa mara ya kwanza, alitazama mchele wake tu. "Bi Mwajabu, kama nikimtuma mtu kwa Mzee Shehe kuleta posa, wewe utafurahi au utalia?"

Mwajabu alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo, yalifika mpaka kwenye meno, yakarudi.

"Usinijibu leo," Gharib akasema upesi. "Nakwenda Bukoba kesho. Wala barua siwezi kukuomba, unajua mwenyewe mambo ya barua."

Alijua. Katika mji ule barua haikuwa ya mtu mmoja. Ikifika ilisomwa barazani kwa sauti, watu wote wakaiitikia, na iliyoandikwa ilisomwa kwanza kabla ya kufungwa.

"Nitumie ua," Gharib akasema. "Likiwa jeupe, ni ndiyo. Likiwa la rangi ya buni, ni hapana, nami sitakusumbua, nitakwenda Mwanza. Mpe Bamanya, mpagazi wangu ninayemwacha huku, mwambie ni dawa."

"Nyeupe ni ule wa kitambaa?"

"Ule wa kitambaa."

Kiangazi kikaingia na baridi yake. Alfajiri Mwajabu aliposali, maji ya udhu yalimchoma vidole kama miiba, na ukungu ulilala bondeni mpaka jua likapanda. Wa njano akachanua kwanza, kama alivyotarajiwa. Akafuata wa shaba juu ya fimbo yake. Wa buni alikuwa bado amefumba ngumi. Na asubuhi moja mche wa kitambaa ulifungua ua lake la kwanza, pana kama kisahani kweli, lakini petali zake zilikuwa za waridi, na pembeni waridi ile ilikuwa nzito kabisa.

"Shangazi, njoo utazame. Hii ni nyeupe?"

Bi Mwaja aliinama, mkono gotini kwa sababu ya maumivu ya magoti yake. "Mimi naona kama kidonda kinachopona."

"Shangazi!"

"Basi labda ndiyo nyeupe ya Wazungu. Wao wenyewe huitwa weupe, uliwahi kumwona mmoja juani?"

Mwajabu alisimama pale mpaka nyayo zikafa ganzi. Mche wa buni ungekuwa umechanua angelinganisha, lakini ulikuwa bado. Akakishika kitambaa. Fundo lilikuwa lile lile alilofunga Gharib kwa mkono wake. Alisema ule wa kitambaa, akajiambia, na mkono wake hauwezi kunidanganya. Akalikata ua, akalifunga katika ganda bichi la mgomba, akampa Bamanya.

"Dawa ya Bwana Gharib," alisema.

"Dawa ya nini, bibi?"

"Ya moyo."

Bamanya akacheka, akatia kifurushi kwapani, akaenda.

Siku zile za kungoja Mwajabu aliishi kama mtu anayetembea ndani ya usingizi mzuri. Alichota maji akasahau mtungi kisimani. Alitia chumvi katika chai. Alichagua, kichwani mwake, nyumba ambayo ingefaa kuwa duka, akaweka kigoda cha Gharib upande wa kivuli.

Jibu lilikuja na msafara baada ya siku kumi, kwa barua, na lilisomwa barazani. Mwajabu alisikiliza nyuma ya pazia, mkono wake umeshika mwimo wa mlango.

"...Na baada ya salamu," Mzee Shehe alisoma kwa sauti yake ya kukwaruza, "nakuarifu kwamba nimekubali wito wa ami yangu Abdallah, na nitapanda meli ya Mwanza baada ya siku ya Miraji, inshallah. Nawashukuru watu wa nyumba yako kwa wema wao. Bustani ile wakipenda waing'oe, mahali pale patafaa kwa maharage. Wasalaam."

"Maharage!" akasema mtu mmoja barazani. "Bustani gani tena?"

Mwajabu hakusikia zaidi. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu. Alikuwa amesema ndiyo, naye akajibiwa maharage.

"Labda alitaka kukujaribu tu," Bi Mwaja alisema polepole, akikaa chini karibu naye. "Wanaume wengine wakishajua wanapendwa, wameshiba."

"Shangazi, usiseme."

"Nisiseme, sawa. Unataka tuyang'oe?"

Mwajabu alitikisa kichwa. Aliutazama mche wa kitambaa, uliojaa vitumba vingine ambavyo havijafunguka, akaona hauna kosa lolote. "Siwezi," alisema. "Lakini sitaki kuuona. Unakwenda Kyerwa kuoga maji moto ya Mtagata, si ndiyo? Uchukue."

Basi akachimba pembeni mwa shina, akagawa mizizi mara mbili, nusu akaiacha na nusu akaitia katika chungu kilichovunjika shingo. Bi Mwaja akaondoka nacho, akibebwa juu ya machela kama mke wa sultani, chungu mapajani.

Mwajabu akabaki na sala zake. Hakuomba Gharib arudi. Alikuwa ameona haya kumwomba Mungu jambo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulisema kwa kinywa. Aliomba tu aondolewe kile kilichokaa kifuani, au aonyeshwe maana yake.

Tarehe ishirini na mbili ya Rajabu, alasiri, mama mmoja wa Kinyambo aliyekuwa amekwenda Mtagata kutibiwa mgongo alipita akirudi kwao, akatoa salamu.

"Shangazi yako hajambo. Sasa anachuchumaa na kuinuka peke yake, na anagombana na kila mtu. Amesema nikupe hiki, na maneno haya: waambie wale wa nyumbani, huku bondeni kwenye mvuke ua limepona kidonda."

Mwajabu akafungua jani la mgomba. Ndani kulikuwa na ua pana kama kisahani. Lilikuwa limeanza kunyauka, lakini lilikuwa jeupe. Jeupe kama maziwa, hakuna hata chembe ya waridi.

Alikimbia nyuma ya jiko. Nusu ya mche iliyobaki ilikuwa imechanua yote, ya waridi tupu, iliyokolea kuliko mwanzo, maana baridi ya wiki ile ilikuwa kali. Na kando yake mche wa buni ulikuwa umefungua ua lake la kwanza, halijakolea bado. Akaweka maua matatu pamoja juu ya kiganja: jeupe la Mtagata, la waridi, na la buni changa. La waridi na la buni changa yangeweza kuwa ndugu.

Akakaa chini kwenye majivu bila kujali leso yake.

Shina lilikuwa moja. Kwenye joto lilikuwa jeupe, kwenye baridi liliona haya. Bukoba kando ya ziwa kuna joto, na mzee wa bustani hakuwahi kuliona vinginevyo. Mwajabu aliamini kitambaa, na Gharib aliamini rangi, na Gharib alipofungua lile ganda la mgomba aliona hapana.

Ilibaki siku tano kabla ya Miraji. Njia ya Bukoba ni siku nne.

Alisimama. Alipangusa majivu. Barazani kulikuwa na wanaume saba na birika la kahawa, na Mwajabu binti Shehe alikuwa hajawahi kupita pazia lile watu wakiwapo. Alisema Bismillahi, akalipita.

"Baba, naomba barua iandikwe."

Vikombe vikasimama hewani. Mzee Shehe alimtazama juu ya miwani yake. "Barua ya nani?"

"Ya kwenda kwa Gharib. Aliniuliza kama akileta posa nitafurahi au nitalia. Tulipatana nimjibu kwa ua. Nimemjibu ndiyo, lakini ua limebadilika rangi kwa baridi, naye ameona hapana, ndiyo maana anakwenda Mwanza." Akaweka maua matatu juu ya mkeka. "Hili na hili yametoka shina moja."

Baba yake aliyachukua maua, akayageuza, akayanusa kwa mazoea, akakumbuka hayanukii.

"Nilikufundisha kusoma na kuandika kwa fimbo na machozi," alisema hatimaye, "ili uje uzungumze na watu kwa majani?"

"Nimekosa, baba."

"Barua hii itasomwa barazani Bukoba, mbele ya kila mtu. Unajua?"

"Isomwe."

Mzee Shehe alimtazama tena, na kitu fulani kikalegea usoni pake. "Hasani, lete kalamu," alimwambia jirani yake. Kalamu ilipofika, akaihamisha kutoka mkono wake kwenda mkono wa binti yake. "Hapana. Aandike mwenyewe. Maneno yake, mkono wake."

Akaandika mistari miwili. *Mche ule ule wa kitambaa. Baridi imeupaka rangi. Jibu langu ni ndiyo.* Bamanya, aliyekuwa amerudi na msafara ule wa barua, alikula ndizi nne akiwa amesimama, akaondoka mbio kabla ya Magharibi.

Siku zilizofuata hakutembea usingizini. Alipalilia. Siku ya Miraji watu walisoma maulidi nyumbani kwa baba yake, naye alipika pilau bila kuunguza hata punje. Ikapita siku moja, ya pili, ya tatu. Siku ya nne baada ya Miraji Bi Mwaja alirejea kwa miguu yake mwenyewe, chungu kichwani, maua yote meupe.

"Amekuja?"

"Bado."

"Akija nitampiga kwa chungu hiki."

Alikuja siku ya tano, mchana kweupe, kanzu ile ile ya vumbi, midomo imepasuka kwa jua. Meli ilikuwa imeondoka bila yeye. Barua ilisomwa barazani kwa mwenyeji wake, na alisema watu walimcheka mpaka akapata aibu ya kubaki Bukoba hata angependa. Aliamkia, akakaa, akapewa maji. Ndipo akasogea kwenye ua wa matete.

"Bi Mwajabu."

"Labeka."

"Nimelibeba ua lako la waridi mfukoni siku zote hizi. Nilijiambia, hata hapana yake nzuri."

"Ungeandika hivyo badala ya maharage."

"Nisamehe maharage, mpenzi."

"Nimekusamehe. Lakini ukitaka kuniuliza kitu tena, uniulize kwa mdomo."

Pale pale, matete yakiwa katikati yao na Bi Mwaja akiwa amekamata chungu kwa mikono miwili, Gharib akamwuliza kwa mdomo, naye akamjibu kwa mdomo, na shangazi akasahau kumpiga.

Harusi ilifungwa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Bi Mwaja alimsukia kikuba cha maua meupe na ya waridi, akayachovya kwenye marashi aliyoyahifadhi tangu Pangani, kwa kuwa alisema bibi harusi asiyenukia hajawahi kumwona. Nje, pande mbili za mlango wa duka jipya, nusu mbili za shina lile zilikuwa zimepandwa, na kitambaa kimefunguliwa.

Kwa desturi yetu, bwana harusi akiwa barazani, wajumbe huenda mpaka kwenye pazia kumwuliza binti kama ameridhika. Binti hunyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa kukubali. Wajumbe wakaja, wakauliza mara moja, wakageuka kurudi kama ilivyo kawaida.

"Ndiyo," Mwajabu akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka sokoni. "Nimekubali."

Baraza zima likaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho alisikia kimoja anachokijua, kikisema Alhamdulillahi.